Msitu wa Umma ni Amana: Nani Anazuiwa na Nani Anaruhusiwa?

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.T), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya alasiri katika msikiti mmoja wa Mkoa wa Kusini Unguja, mama mmoja mtu mzima alitungojea nje pamoja na mjukuu wake. Alikuwa na suala.

"Maalim," alisema, "hivi kuni ni haramu?"

Tukamwambia kuni ni neema katika neema za Allah.

"Basi mbona mwanangu kakamatwa na mzigo mmoja wa kuni, tena kavu, katozwa faini na baiskeli yake ikazuiliwa siku nne? Na usiku gari za boriti zinapita barabara hii hii, hakuna anayezisimamisha. Mie nataka kujua, Maalim. Dhambi ni ya mwanangu peke yake?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimuomba atupe muda, kwa sababu suala lake halikuwa la kuni. Gari hizo hatukuziona kwa macho yetu, na dini yetu imetufunza kuihakiki khabari kabla ya kuhukumu. Lakini malalamiko ya aina hii tumeyasikia katika vijiji vingi, Unguja na Pemba, na malalamiko yanayorudiwa na watu wasiojuana yanastahiki kuangaliwa. Makala hii ni jawabu yetu kwa mama yule, na kwa kila anayejiuliza kama yeye.

Msitu huu ni wa nani?

Tuanze na sheria ya nchi. Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya mwaka 1992 imeifanya ardhi yote ya asili ya Zanzibar kuwa mali ya umma, na usimamizi wake umewekwa mkononi mwa Rais. Miaka minne baadaye ikaja Sheria namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu. Sheria hii ilifungua mlango wa serikali kuandikiana mkataba na wanakijiji, ili jamii iusimamie msitu ulio jirani yake kwa mipaka na masharti yanayokubaliwa na pande zote mbili.

Kwa maandishi, basi, hakuna ubishi. Msitu si wa idara, si wa waziri, si wa askari wa misitu na si wa mwekezaji. Ni wa umma, na serikali ameshikishwa.

Na aliyeshikishwa mali ya mwenziwe, kwa lugha ya dini yetu, ana amana. Allah (S.W.T) katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu tunapohukumu baina ya watu. Mambo mawili haya yamekuja pamoja katika aya moja. Mwenye kushika amana bila ya uadilifu hajaitimiza aya hiyo.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafii wamelifafanua jambo hili kwa mfano ulio wazi. Imamu Shafii amemlinganisha kiongozi mbele ya raia na walii wa yatima. Walii anayo ruhusa ya kuishika mali ya yatima, kuilinda, hata kuiuza ikibidi. Lakini kila analolifanya limefungwa na maslahi ya yatima. Akila, akagawa kwa marafiki au akazembea mpaka ikaharibika, uwalii wake haumkingi. Siku yatima atakapobaleghe, atamtaka hisabu.

Hima aliyoiweka Mtume na aliyoiweka Umar

Wapo wanaodhani kuzuia msitu ni jambo la wazungu na miradi yao. Si kweli. Uislamu unayo hima, yaani eneo linalozuiwa lisitumiwe ovyo ili manufaa yake yaende kwa umma. Mtume (S.A.W) aliifanya Naqii kuwa hima kwa ajili ya farasi wa jihadi. Na alikuwa amekwishatangaza kuwa hima ni ya Allah na Mtume wake tu, akiivunja desturi ya kijahilia ya mkubwa wa kabila kujichukulia malisho mazuri na kuwafukuza wengine.

Kwa sababu hiyo wanavyuoni walihitilafiana kama kiongozi baada ya Mtume anayo haki ya kuweka hima. Waliosema anayo, na ndivyo walivyofanya Makhalifa waongofu, waliweka sharti. Al-Mawardi katika kitabu chake cha hukumu za utawala ameeleza kuwa eneo linaweza kuzuiwa kwa ajili ya Waislamu wote, au kwa ajili ya mafakiri wao. Kuzuia kwa ajili ya matajiri peke yao haijuzu.

Tuangalie Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) alivyoiendesha. Katika Sahih Bukhari imepokewa kwamba alimuweka mtumwa wake aliyemuacha huru, jina lake Hunayy, kuwa msimamizi wa hima. Alimuagiza awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya watu wawili kwa majina, Ibn Auf na Ibn Affan. Hawa ni Abdulrahman bin Auf na Uthman bin Affan, Maswahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo, na matajiri wa mji.

Sababu yake Umar ni ya kiuchumi kama alivyo mchumi yeyote wa leo. Mifugo ya matajiri ikifa, wao wanayo mashamba ya mitende ya kurudia. Mnyonge mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul Muuminina, na atalazimika kulishwa kwa dhahabu na fedha ya hazina. Kumpa majani na maji leo ni rahisi kuliko kumlisha kesho. Na Umar hakuficha kwamba wenyeji walimuona amewadhulumu, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa yao tangu ujahilia na wakasilimu nayo mikononi. Aliisikia lawama yao na akatoa sababu.

Hapa ndipo tunapata mizani. Katika hima ya Umar uzio ulikuwa mzito kwa mkubwa na mwepesi kwa mdogo. Ukiuona uzio uliokuwa mzito kwa mwenye baiskeli na mwepesi kwa mwenye gari, jua kwamba huo ni uzio wa kijahilia, hata kama kibao chake kimeandikwa uhifadhi.

Tuliyoyaona kwetu

Ni insafu kusema kwamba si kila jambo limeharibika. Jozani ni mfano. Eneo la Jozani na Ghuba ya Chwaka lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, lina ukubwa wa kiasi cha kilomita za mraba 50, na humo wanaishi kima punju, ambao Allah hakuwaweka popote duniani isipokuwa katika kisiwa cha Unguja. Wageni wanalipa kiingilio. Tangu miaka ya 1990 ulianzishwa utaratibu wa kurudisha sehemu ya mapato kwa vijiji vya jirani, na kuwafidia wakulima ambao mazao yao huliwa na kima. Watu wa Pete wakajenga njia ya mbao ndani ya mikoko, mgeni apite atazame. Mkulima anayefidiwa hamchukii kima. Msitu ule umebakia, na ushirika wa wenyeji ni katika sababu kubwa za kubakia kwake.

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Mwaka 2010 ulianza kwetu mradi uliopewa jina la HIMA, kifupi cha Hifadhi ya Misitu ya Asili. Fedha zilitoka Norway, na shirika la CARE lilifanya kazi hiyo pamoja na idara ya misitu. Jina lilichaguliwa vizuri, maana kila aliyepita madrasa alilijua. Shehia zaidi ya 40 ziliingia katika mikataba ya kusimamia misitu yao. Wanavijiji waliweka mipaka, wakachagua kamati, wakaacha kukata katika maeneo waliyokuwa wakikata babu zao. Waliambiwa kwamba msitu uliosimama unahifadhi hewa ya ukaa, na kwamba duniani kuna watakaoilipia hewa hiyo.

Mradi ulimalizika baada ya miaka michache, na yale mapato ya hewa ya ukaa ambayo vijiji viliyatarajia hayakufika kwa kiasi kilichotarajiwa. Wapo wanakijiji wanaosema kwa mzaha wa uchungu: tuliahidiwa fedha za hewa, tukapewa hewa. Kamati nyengine zimeendelea kwa imani tu. Nyengine zimekufa, na panga limerudi maweni.

Hatusemi kwamba wote walioahidi walikuwa na nia mbaya. Soko la hewa ya ukaa halikuwa mkononi mwa idara yetu. Lakini ahadi ilitolewa kwa niaba ya umma, na ahadi ina hukumu yake. Aliyeacha kukata kwa kuahidiwa malipo ametimiza upande wake. Upande wa pili ulipaswa kurudi kijijini, kukaa mkekani na kusema kilichotokea. Ni vijiji vingapi vilivyopata heshima hiyo?

Msitu unakatwa jikoni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini. Serikali huuzungumza msitu kama jambo la askari na vitalu vya miche. Sisi tunaona msitu wa Zanzibar unahifadhiwa au unateketea kwa hali ya huduma za umma: umeme, maji na nishati ya kupikia.

Sensa ya mwaka 1978 ilituhesabu watu 476,111. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu 1,889,773. Tumekuwa karibu mara nne, na kisiwa hakijaongezeka hata shibiri moja. Watu wote hawa wanapika mara mbili au tatu kwa siku. Wengi wao bado wanapika kwa kuni au mkaa, kwa sababu mtungi wa gesi unataka fedha nyingi kwa mpigo, na mwenye kipato cha siku kwa siku ananunua mkaa kwa kopo. Umeme wa tukuza wengi wanauwekea taa, feni na simu, hawathubutu kuuwekea sufuria ya maharage.

Wenye umri wetu hawajasahau. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja. Kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani tena, miezi mitatu. Waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulikuwa wa mwaka 1980, na ulikuwa umechoka. Umeme ulipokatika, pampu zilisimama na maji yakakatika. Waya mpya ulikuja mwaka 2013, kwa msaada wa Marekani. Tunashukuru kwa waya, lakini tunauliza: miaka ile yote waya wa zamani ulipokuwa ukizeeka, na bili zikikusanywa kila mwezi, ni nani aliyekuwa na amana ya kuweka akiba ya waya mwengine? Wananchi walilipa huduma, wakapata giza, na suluhisho likatoka kwa wafadhili.

Na maji yenyewe yanaanzia msituni. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu mpaka Mjini. Mpaka leo msitu wa Masingini umehifadhiwa kwa sababu ya chemchemi hizo. Watu wa kale walifahamu kwamba ukikata mti wa juu, mfereji wa chini unakauka. Sisi tumeufahamu ukweli huo katika vitabu vya skuli, kisha tukaacha nyumba zikasogea mpaka ubavuni mwa vyanzo vya maji. Siku hizi maji yanalipiwa, na kulipia huduma si dhulma madhali huduma inakuja. Lakini nyumba ngapi zinapokea bili kwa wakati na maji kwa bahati?

Serikali ya Muungano imezindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Hata hivyo, muumini huipima ahadi kwa ahadi zilizotangulia, na kumtaka anayeahidi aonyeshe hatua ya mwaka huu kabla ya kutaja ya mwaka 2034. Mpaka gesi au umeme wa bei nafuu ufike katika jiko la mama yule wa Kusini, kila faini anayotozwa mwanawe ni kodi anayolipa kwa kukosa huduma.

Na sisi masheikh tumefanya nini?

Hapa hatuna budi kujilaumu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, ilianza kazi ya kuwafundisha wavuvi uhifadhi kwa mafunzo ya Qur'an na Sunna. Ilisifiwa mpaka nje ya nchi kwamba mvuvi asiyejali tangazo la serikali alilisikiliza neno la dini. Tangu hapo, kila mradi wa mazingira unapokuja, sisi huitwa. Tunapewa daftari, kalamu na chakula cha mchana, kisha tunatakiwa tukawaambie watu wetu: msikate mikoko, msichome tanu la chokaa, msivue kwa nyavu za kukokota.

Tumeyasema, na ni ya haki. Mwenye kupanda mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, ana thawabu ya sadaka, kwa mafunzo ya Mtume (S.A.W). Lakini ni lini tumeitwa katika semina ya maofisa, tukaombwa tuwasomee kisa cha Ibn al-Lutbiyya? Huyu ni mkusanyaji zaka aliyerudi Madina akasema hii yenu na hii nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W) alikasirika, akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akangojea kama zawadi ingemfikia. Hicho ndicho kisa cha "chai" na "ahsante" zinazotolewa kwenye vibali. Tumekuwa tukisoma nusu ya khutba, ile nusu inayomhusu mnyonge, na mnyonge ameliona hilo. Ndiyo maana mama yule alituuliza kwa sauti ile.

Jawabu kwa mama yetu

Kwanza, mama, kuni si haramu. Lakini ikiwa kijiji na serikali wamekubaliana kuufunga msitu kwa maslahi ya wote, kuuvunja mpaka huo ni kuvunja ahadi na kula haki ya wenzako na ya watoto watakaokuja. Mwanao asirudie kwa siri. Anayo haki ya kuomba utaratibu wa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu, kwa sababu hima ya Umar ilimfungulia mlango mtu kama yeye.

Pili, dhulma ya mwenye gari, ikithibiti, haihalalishi ya mwenye baiskeli. Tunaona vijana wanasema, serikali inaiba na sisi tuchukue chetu. Haya si maneno ya muumini. Mali ya umma haiwi mali yako kwa sababu msimamizi wake ni khaini. Wanaobakia bila ya kitu ni wajukuu.

Tatu, dhambi si ya mwanao peke yake, na huenda sehemu yake ni ndogo kuliko zote. Mtume (S.A.W) alipoombewa mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba, aliwaeleza Maswahaba kwamba umma za kabla yao ziliangamia kwa sababu akiiba mtukufu walimuacha, na akiiba mnyonge walimhukumu. Anayemtoza faini mbeba kuni na kufumba macho kwa mbeba boriti anaiita nchi yake kwenye maangamizi hayo.

Nne, na hili ni lako na la kijiji kizima: ulizeni. Katika mkutano wa shehia muulizeni sheha na ofisa wa misitu, kwa adabu na mbele ya watu: Mwaka huu vimetolewa vibali vingapi vya kukata, na kwa nani? Faini zilizokusanywa hapa ni kiasi gani, na risiti ziko wapi? Kijiji kinapata sehemu gani ya mapato ya msitu wake? Mkataba wa msitu wetu bado uhai au umekufa? Kuuliza si fitna. Umar aliulizwa mbele ya watu juu ya nguo aliyoivaa, na hakumfunga aliyeuliza.

Kwa viongozi wetu tunasema neno moja. Hatuwachukii, na tunawaombea. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilishwa kwa Rais na katika Baraza la Wawakilishi. Iteremsheni hisabu hiyo mpaka kwenye ubao wa shehia, kwa Kiswahili chepesi, ili mwenye msitu ajue msitu wake umeingiza nini na umetumika vipi. Mkiogopa kufanya hivyo, mwananchi atakuwa na haki ya kushuku. Na shaka ya mwananchi haiondolewi kwa askari.

Tutarudi katika msikiti ule Ijumaa ijayo, insha-Allah, na jawabu hii tutampa mama yule kwa mdomo. Tumeazimia pia kuisoma nusu ya pili ya khutba, popote tutakapoalikwa, hata kama mwaliko utakuwa wa mwisho.

Ewe Mola wetu, waongoze waliotushikia amana zetu, utupe sisi nasi ulimi wa haki na mikono safi, na utubakishie maji yetu, miti yetu na udugu wetu. Amin.

Wallahu aalam.